Ndikuriyo Angoja Upepo Ulete Kijani

Mwaka ule wa 1995, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, upepo ukivuma tu, Ndikuriyo alitoka mbio kwenda kuchungulia shimo lake la maji. Alilichimba bondeni mvua zilipokwisha, apate kufuga samaki. Bwana wa samaki kutoka Lilongwe alimwambia wazi: "Siku nitakayotumbukiza mkono hadi kiwiko nisione vidole vyangu, nitakuletea samaki wadogo. Weka mavi ya mbuzi, maji yawe kijani."

Jirani yake Épitace, mfyatua matofali, alilimezea mate shimo lile kwa udongo wake. Wakakubaliana: mvua mpya zikinukia tu na samaki hakuna, shimo ni la Épitace.

Lakini habari ya mavi ya mbuzi Ndikuriyo hakutaka kuisikia. Kwao Bujumbura, bandarini, aliwavutia watafiti wavu wa kitambaa laini, katikati ya meli za mafuta na maji machafu ya kiwanda. Siku moja walimwacha achungulie tone kwenye darubini yao. Mama yangu! Tone zima lilijaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho: vijiti vya kioo, vinyota, shanga za kijani zilizoshikana. Kiangazi upepo wa kusini ulilikoroga ziwa, rutuba ya chini ikapanda, na baadaye shanga zikajaa mpaka bandari nzima ikawa rangi ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mvua zikileta matope, shanga zilipungua, vijiti vikashika zamu. Penye mafuta ya meli ilibaki mimea michache tu, ile sugu. Nani aliwahi kulilisha ziwa mavi ya mbuzi? Upepo ulitosha.

Basi akangoja upepo. Julai ukavuma, baridi ya huku Dowa ikauma, maji yakabaki meupe. Agosti, vilevile.

"We Ndikuriyo," Épitace akacheka, "maji yako iko safi sana! Nilete kikombe tukunywe?"

"Ngoja kwanza. Upepo haujamaliza kazi."

Mkewe Vénérande akaja na kikapu kichwani, kinanuka mavi ya mbuzi.

"Papa Irakiza," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "kule ilikuwa ziwa. Hii ni shimo. Upepo itapandisha nini?"

Tangu Julai alikuwa akijua. Ila akimwaga kile kikapu, basi hapa si Bujumbura, na hata upepo si ule. Kisha akakipokea, akamwaga mwenyewe.

Oktoba jua likawaka, mvua bado. Maji yakaanza kupoteza weupe, yakashika rangi, mpaka asubuhi moja yakawa sombe tupu. Ndikuriyo akachota kwa kiganja, akanusa amefumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Vénérande alimwacha.

Bwana wa samaki akaja na ndoo, akakunja shati, akazamisha mkono. Vidole vikapotea.

"Zikomo!" Ndikuriyo akashukuru kabla hajaambiwa neno.

"Na mi?" Épitace akauliza.

"We utakula mikia."

Wakamimina ndoo. Samaki wadogo wakazama ndani ya kijani, wasionekane hata mmoja.

"Biko wapi?" Vénérande akashtuka.

"Biko mule," akasema Ndikuriyo. "Binakula."