Ndege Zote Juu ya Mstari Mmoja

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nimepanga vyumba viwili Kitengela, na kazi yangu Nairobi ilikuwa kuhesabu ndege nisizoziona. Katikati ya bahari rada haifiki. Rubani hutaja alipo kwa redio, basi. Nikiwa kwenye kompyuta niliikata njia ya kwenda India vipande vipande, nikakadiria msongamano wa kila kipande na hatari ya ndege mbili kugongana. Jibu lilitoka dogo, zuri, nikaliandikia ripoti. Bosi alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Mke wangu, muuguzi, alikuwa amepata nafasi ya kusomea huko huko India. Hakuwa amewahi kupanda ndege.

"Wewe ndio unajua hizi vitu," aliniambia. "Nitakuwa salama?"

Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba bahari ni pana na ndege zimetawanyika.

Jumamosi moja, nyuma ya nyumba, niliona kundi la ng'ombe likienda kunywa maji na jingine likirudi. Mbuga nzima ilikuwa wazi, lakini yote mawili yalishika kijia kimoja chembamba, yakakutana uso kwa uso. Jirani yangu, mchunga ng'ombe, alikuwa akipiga mbinja na kutukana. Nikamcheka: na nafasi yote hii?

"Hizi zimezoea njia sana," alisema kwa hasira. "Ngeni ndio hutangatanga."

Kicheko kikanikauka. Hesabu yangu ilitegemea vyombo vya zamani, vilivyoacha ndege zipotoke huku na huku kando ya mstari wa njia. Sasa nyingi ziliongozwa na setilaiti, zikipita juu ya mstari wenyewe, za kwenda na za kurudi. Kilichozitenganisha ni kimo tu. Rubani akikosea kimo, upana wa bahari haumsaidii kitu.

Niliona aibu, tena niliogopa. Jumatatu nilimwomba bosi anirudishie ripoti. Hakunisemesha wiki nzima. Nilipoirudia hesabu, hatari iliongezeka, ingawa ilibaki ndogo.

Nilimweleza mke wangu vivyo hivyo, bila kupamba.

"Afadhali hiyo," akasema. "Ile ya kwanza ulinijibu haraka sana."

Akasafiri. Nami, niliyejua kuliko mtu yeyote Kitengela jinsi hatari ile ilivyokuwa ndogo, nilikaa roho mkononi saa zote za safari, nikimwomba Mungu rubani anayetoka upande wa pili asikosee kimo.