Bafta ya Muharami

Enzi za Mwingereza, Muharami alikuwa fundi cherehani mjini Musoma, na makarani wa boma walimjua kwa kaptula zake. Waislamu wa mji walimjua zaidi kwa kazi isiyohitaji cherehani. Akifa mtu, yeye ndiye aliyepasua sanda. Hakutia mkasi. Alitoboa ukingo wa bafta, kitambaa cheupe cha sanda, kwa jino, akaivuta kwa mikono miwili, ikachanika mstari mnyoofu kuliko wa rula. Bafta yenyewe aliiweka nyumbani, sandukuni chini ya kitanda, maana kifo hakipigi hodi.

Baba yake, mtu wa Pangani aliyekuja bara akibeba mizigo ya watu, alimrithisha kazi hiyo pamoja na hofu yake. Yuko ndege mdogo wa usiku, rangi ya majani makavu, ambaye mzee alimwita mpasuasanda. Sauti yake ni ya nguo inayochanika, na nyumba anayoililia haikosi maiti. Mchana Muharami alimtania ndege huyo, akimwita fundi mwenzake. Usiku alijifunika shuka gubigubi.

Mwaka ule Kudura, mkewe, alikuwa na mimba pevu, na watoto wawili waliotangulia wote walizikwa wachanga. Muharami alikuwa akifyeka vichaka vya kiwanja chake kule Buhare ili ajenge, panga likasimama hewani. Mpasuasanda alikuwa amekaa chini, mchana kweupe, juu ya mayai mawili, bila hata kiota.

Alirudi mbio, akamweleza mama mkwe wake, Nyangi, aliyetoka Mugango kuja kumwangalia binti yake. Alimweleza yeye akiwa nje na Nyangi ndani, kwani kwa kina Nyangi mkwe haingii chumba alimo mama mkwe. Nyangi akacheka.

"Ndege hiyo usiiguse, mkwe. Kwetu tulikuwaga tunasema ikitaga kwenye kiwanja, hiyo kiwanja imekubali watoto."

Muharami akachanganyikiwa. Ndege yuleyule, kwa baba alileta maiti, kwa mkwe alileta watoto! Akimwacha, huenda anamfuga muuaji. Akimfukuza, huenda anaifukuza mimba ya mkewe. Akamwendea Omari, mwalimu wa madrasa, naye akamkaripia kwamba ndege ni ndege, amtegemee Mola. Kisha mwalimu akashusha sauti, akauliza kama ndege mwenyewe alikuwa ameelekea upande wa nyumba yake. Muharami akatoka pale na kichwa kizito kuliko alivyoingia.

Tangu hapo cherehani ikalala. Kila kukicha alikwenda Buhare, akachutama mbali na yule ndege, panga mkononi, asijue afyeke au aombe dua.

Alasiri moja alirudi akakuta mlango umefungwa, ndani kimya. Mara akasikia kraa! Nguo imechanika. Hakuwa ndege, masikio yake hayakumdanganya. Ile ilikuwa bafta, bafta yake ya sandukuni. Nani amekufa, mama au mtoto? Kuingia hawezi, mama mkwe yumo. Akasimama kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe. Kraa! Kipande cha pili. Basi ni wote wawili, akawaza, machozi yakamtoka.

"Mkwe, upo?" Nyangi akaita.

"Nipo, mama."

"Tumekutafuta mpaka sokoni. Wewe unashindaga huko na ndege yako! Hii nguo nikipasua inaenda upande. Si ndiyo kazi yako?"

"Ni ya nani, mama? Niambie tu. Nipasue ya nani?"

"Ya mtoto! Amekojolea kanga zote za mama yake."

Muharami akaketi chini pu! Alitaka kucheka, kilio kikatangulia. Sanda imegeuka winda la mtoto, na hakujua kama hiyo ni baraka au mkosi, wala hakuwa na hamu tena ya kumuuliza mtu. Mkono wa Nyangi ukatokea dirishani na bafta iliyobaki. Akaipokea, akatia jino, akavuta, kipande baada ya kipande, mpaka ikaisha yote.

Jioni akaja mtu kutoka msikitini. Mzee Jumanne wa mtaa wa pili amefariki, wanaomba sanda.

Muharami akamtazama, mikono mitupu, nyuzi nyeupe zimemganda kifuani. Akafungua kinywa aseme innalillahi, ikatoka alhamdulillahi.