Kofia za Mazishi

Jumamosi, katika saluni moja ya Chaussée de Wavre, mtaa wa huku ughaibuni, maman aliyekuwa akisukwa kando yangu alifuatilia kwenye simu mazishi ya shangazi yake huko Katanga. Nilichungulia. Waombolezaji wote, hata bibi kizee mwenye mkongojo, walivaa kofia ngumu za mgodini.

"Pole, maman. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa mgodi?"

"Hapana! Makaburi yetu iko mu pori ya serikali. Sasa wameipatia kampuni ya shaba. Bila casque, muntu haingie."

Msusi aliacha kusuka, akainama kuichungulia simu.

"Na pale pale," maman akasema, "serikali ilimufungaka marehemu, wakati alikuwa muzima, deux jours, siku mbili nzima, juu ya kuokota kuni. Eti anaharibu pori!"

Nikaitazama simu tena. Nyuma ya jeneza hapakuwa na mti hata mmoja, ni mashimo na mitambo ya mgodi tu. Kumbe ni ule mzigo wa kuni uliomaliza msitu!