Mkono wa Profesa

Profesa wetu wa fiziolojia hapa Lubumbashi alikuwa daktari mzee kutoka Uskoti, na Kiswahili alijifunza kwetu. Kila somo aliingia mbio kutoka kwenye ngazi, akanyoosha mkono. Mwanafunzi mmoja alimpima mapigo ya moyo na kuyaandika ubaoni.

Siku ya zamu yangu niliyasikia yanakwenda ovyo: mawili ya haraka, kimya, moja. Niliona haya. Kwetu humtangazii mzee ugonjwa wake mbele ya watoto. Nikaandika kwamba yako sawa, kama wenzangu wote walivyoandika kabla yangu.

Profesa alitazama ubao, akatutazama sisi.

“Moyo wangu iko mubaya tangu miaka mingi,” alisema. “Ninyi bote munaandika heshima. Mugonjwa atakufa na heshima yenu.”

Nilimkasirikia wiki nzima kwa sababu alisema kweli. Sijapata mwalimu mwingine aliyeleta ugonjwa wake mwenyewe darasani ili tujifunze.

Mwezi uliopita, mimi sasa nikiwa daktari, baba yangu, mchimbaji mstaafu wa mgodi wa Kipushi, alininyooshea mkono nimpime mapigo.

“Iko muzuri, docteur?” aliuliza, akicheka.

Nilivuta kiti, nikaketi karibu naye.

“Hapana, papa.”