Kuchuchumaa na Kuinuka

Wakati ule nilikuwa naomba kitu kimoja tu kwa Mola wangu: niende chooni mwenyewe, nichuchumae mwenyewe, niinuke mwenyewe. Choo chetu kiko uani, cha kuchuchumaa, kama vyoo vya watu wengi hapa Bagamoyo, na miguu yangu ilikuwa imegoma. Nilianguka jikoni sukari iliposhuka, nikalazwa, nikarudi nyumbani nikalala tena wiki nyingi kwa woga wa kuanguka mara ya pili. Mtu akilala sana mapaja yanakwisha. Yangu yalikwisha, ikabaki ngozi.

Aliyekuwa ananishika ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mume wangu kazi yake iko Saadani, hifadhini, anarudi mwisho wa mwezi. Mwanangu ni mwanamume mzima. Bora nife kuliko anishike kiuno chooni. Kwa hiyo wifi akaacha mananasi yake Kiwangwa akaja. Ananiingiza, ananishusha, anageuzia uso ukutani, halafu ananivuta juu kwa makwapa. Hujafa hujaumbika! Mimi niliyekuwa napika pilau la shughuli nzima, masufuria nayainua peke yangu, nangoja mtu aje anitoe chooni. Nililia sana siku za mwanzo, na nikilia namtukana yeye.

Wala hakujali, maana mawifi ni watani. "Hivi kaka yangu alituletea mke au gunia la mihogo?" anauliza akinivuta. Namjibu, "Mihogo mnaila nyinyi wa shamba, mpaka mmeota mashavu." Tunacheka hapo hapo mlangoni pa choo, ndoo ya maji miguuni. Bila utani ule ningeshapata kichaa.

Hospitali mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole mwenye sauti ndogo, aliniambia nianze taratibu nyumbani. Kukaa na kuinuka kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Kushika nondo za dirisha na kunyanyua visigino. Kwanza nile, nipime sukari, glukosi iwe karibu. Nikitoka jasho la baridi au nikianza kutetemeka, niache papo hapo. Nikamwitikia kwa adabu zote. Moyoni nasema, visigino! Mimi nataka choo, huyu ananipa visigino.

Asubuhi moja, nimeshajichoma sindano yangu ya sukari, wifi akaniletea uji wa ulezi. Nikakunja uso. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akauweka juu ya kigoda, akaenda kukaa kizingitini na mihogo yake ya kumenya. Nikanywa mafunda mawili nikauacha. Nilikuwa na haraka na miguu yangu.

Nikaanza. Kaa, inuka. Kaa, inuka. Kwa mara ya kwanza tangu nilazwe nikainuka bila kushika kitu, nikapiga kelele, "Wifi, hebu tazama!"

"Nimeona. Gunia limeota miguu."

Furaha ikanipanda kichwani, nikaendelea kupita nilivyoambiwa, huku tunatupiana maneno. Nakumbuka nilisema kitu kuhusu mashavu yake, akacheka. Nakumbuka ukuta ukisogea mbali. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Yeye anakumbuka. Anasema nilimwambia tumbo lake ni kaburi. Wifi yangu alizaa, na wote aliowazaa aliwazika wachanga. Miaka yote ya utani wetu hilo halikuwahi kuguswa. Utani una mipaka yake, hata mlevi anaijua. Akaweka kisu chini, akatoka uani, akaniacha peke yangu. Halafu akarudi, na hakurudi kwa huruma. Alirudi kunijibu. Alikuwa ameshapata jibu lake, anasema, la kunikata maini. Akanikuta sakafuni, nimelowa jasho, macho wazi, simtambui. Akanilaza ubavu, akawa ananipaka asali kwenye fizi kidogo kidogo, huku anapiga mayowe majirani waje, mpaka nikaanza kumeza.

Kesho yake ndipo aliponisimulia, kwa maneno machache, hanitazami.

"Wifi, wallahi sikuwa mimi," nikamwambia. "Ilikuwa sukari."

"Najua. Lakini unanitukana kila siku. Nitajuaje ipi ni sukari na ipi ni wewe?"

 

Tangu siku ile utani ukafa. Ikawa "pole, wifi", "taratibu, wifi". Uji anausimamia mpaka niumalize. Kidole ananitoboa kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Chooni ananishusha na kunivuta bila neno, kama anamhudumia mgeni. Jamani, mniamini, heri matusi. Nilikata tamaa, nasema kweli. Kuna siku nilimwomba Mungu anichukue kabla mume wangu hajarudi, asije akaniona nilivyo.

Lakini mazoezi sikuyaacha. Niyaache nifanye nini? Nikawa nakula kwanza, napima, nafanya machache, napumzika. Vile vile visigino nilivyovidharau, nikavinyanyua nimeshika nondo za dirisha, nina hasira tele. Mapaja yakaanza kushika kidogo. Basi asubuhi moja nimekula vizuri, kipimo kimekaa vizuri, nikamwambia, "Leo naingia peke yangu."

Akakitazama tena kipimo. "Basi uwe unaongea. Nisikie sauti yako muda wote. Ukinyamaza tu, naingia."

Chooni mtu haongei, hilo tumelelewa nalo, lakini Mungu ananijua. Nikaingia, nikaegemeza mkono ukutani, nikajishusha mwenyewe. Nikaongea. Nikaongea habari za mvua, za samaki, za jogoo wa jirani asiyejua saa. Nikajitia ushujaa: "Wifi, mashavu yako yamepungua, kwani kwangu hulishwi?" Nje kimya. Nikajitawaza, bado naongea.

Nikajaribu kuinuka, nikashindwa. Nikaongea tena kidogo, asije akaingia. Mara ya pili nikakaza kiganja ukutani, nikabana meno. Mapaja yakatetemeka, na nikayahisi yananyanyuka, wallahi yananyanyuka, magoti yanafunguka, na pumzi yangu yote imekwenda huko, sina ya kusemea.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akanidaka makwapani, akanivuta juu.

"Nilikuwa nainuka!" nikapiga kelele. "Niache! Nilikuwa nainuka mwenyewe!"

Hakuniachia.

"Ulinyamaza," akasema. "Wifi, ulinyamaza."