Nanasi Mlangoni na Uso wa Koko Botila

Nakumbuka siku moja niliyoshinda mlangoni kwangu napiga picha nanasi. Nanasi moja tu, la kawaida, la soko la Mangobo. Majirani walipita, wakatazama, wakaenda zao. Kijana mmoja wa toleka, hawa wanaobeba watu kwa baiskeli, akafunga breki kabisa. "Papa Saidi," akasema, "huyu bwana arusi wako, bibi arusi anafika saa ngapi?" Mwanangu, sikukasirika. Mimi mwenyewe nilibeba watu kwa baiskeli kabla ya kushika kamera, na najua mtu wa toleka asipotania, jua linamuua.

Lakini nisianze na nanasi. Hadithi ikianzia mkiani, wasikilizaji wanalala kabla ya kufika kichwani.

Kamera niliachiwa na shemeji yangu aliyekwenda kutafuta maisha Bunia. Enzi hizo kamera za filamu zilikuwa zinakufa hapa Kisangani, na hizi za kidijitali zinaingia moja moja. Nilikuwa kijana bado. Mke nilikuwa naye, watoto pia, ila kichwa kilikuwa kibichi. Shule niliiacha pale walipoanza kutia herufi ndani ya hesabu, kwa hiyo kijitabu cha kamera kilikwenda jikoni kufungia chumvi, na mimi nikajifunza kwa kidole. Nabonyeza hapa, natazama. Nabonyeza pale, natazama. Kwa filamu, mchezo huo ungenimaliza. Hii mpya ukikosea unafuta, na hakuna anayejua ila wewe na Mungu.

Sifa zikaja, na mgema akisifiwa, unajua tembo hulitia nini. Kwenye kompyuta aliyoniachia shemeji niligundua namna ya kulainisha nyuso. Chunusi, kovu la ndui, mikunjo, unapitisha tu mkono kama mtu anayepaka mafuta, na uso unatoka kama jiwe la mtoni. Wasichana wa Mangobo walinipenda sana. Hapa nasema polepole, mke wangu yuko jikoni.

Bon, tuendelee. Siku hizo akaja Mama Fifi, muuza samaki wa moshi, pamoja na mama yake mzazi, Koko Botila, koko yaani bibi kizee, aliyekuwa amepanda na mtumbwi kutoka upande wa Isangi. Koko alikuwa na zile alama za wazee wa mtoni: nukta zilizoinuka juu ya ngozi, zimepangwa kwenye paji la uso na kwenye panja. Walichanjwa hivyo wakiwa wadogo. Sisi wa ukoo wa waungwana, Waislamu wa mjini, hatuchanji uso. Alama zile niliziona kila siku sokoni bila kuzitazama.

Mama Fifi akanivuta pembeni. "Papa Saidi, ile madoadoa ya kwa uso, toa yote. Mama aonekane safi."

"Yeye mwenyewe anataka?"

"Mama anajua nini ya mambo ya picha?"

Nami nikaridhika na jibu hilo. Nikamkalisha Koko kwenye kiti, nikampiga mwanga wa kamera usoni, nikaenda kulainisha, nikachapisha. Asubuhi ya pili wakarudi. Koko akaishika picha, akaitazama, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kilichobaki.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Koko."

"Hapana. Huyu ni mama mumoja alikula vizuri maisha yake yote. Miye simujui."

Mama Fifi akacheka. Koko hakucheka. Akaketi, akanieleza taratibu jambo ambalo ningepaswa kuliuliza jana yake.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Lifoko. Walipotezana wakiwa vijana, wakati wa vurugu, watu walipokuwa wanakimbia kila mmoja na mtumbwi alioupata. Miaka yote alimlilia kama marehemu. Sasa jirani mmoja wa Mama Fifi, mfanyakazi wa gari moshi, alikuwa amerudi kutoka Ubundu na habari: kule kuna mzee anashona nyavu, anaitwa Lifoko, anasema kwao ni Isangi. Simu Ubundu ilikuwa haijafika. Magoti ya Koko yalikuwa hayawezi tena safari. Treni ingeondoka kesho alfajiri, na treni ile, mwanangu, ikienda huwezi kumwahidi mtu itakwenda tena lini. Donc, basi, ilikuwa picha ndiyo isafiri badala yake.

"Jina, kila mutu anaweza kulisema," Koko akaniambia. "Lakini hii, nani ataiiba?" Akauchukua mkono wangu, akaweka kidole changu kwenye panja lake la kushoto. Nikasikia mstari wa nukta, ndogo ndogo, ngumu kidogo, halafu moja imetoka mstarini, imeshuka kuelekea jicho. "Siku shangazi alinichanja, Lifoko alimusukuma kiwiko. Alikuwa mutoto, anacheza. Nilimupiga mpaka mama akatuachanisha. Akiiona hii, atanijua. Akiona ile karatasi yako, atasema wamemutumia bibi ya pasta wa kanisa."

Ndipo akasema neno ambalo mpaka leo linanifuata kila ninapoinua kamera: "Mutoto yangu, uliniosha bila kuniuliza kama niko muchafu."

Mama Fifi alikuwa anatazama chini.

Nikawaza, si neno, picha ya kwanza ingali ndani ya kamera, haijalainishwa. Nikaifungua. Mwanangu, hata humo nukta hazikuwapo. Ule mwanga wa kamera ulikuwa umempiga usoni moja kwa moja, na mwanga wa mbele unafukia kila kivuli. Pasipo kivuli, kilichoinuka na kilicholala ni mamoja. Sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba alama ziko kwenye ngozi na haziko kwenye picha, na treni ni kesho.

Nikawaomba warudi alasiri. Sikutaka kumkalisha mzee wa watu siku nzima nikimjaribia ujinga wangu. Nikatafuta kitu chenye vinundu, na mke wangu alikuwa na nanasi jikoni. Akanitazama nikilichukua, akasema tu, "Likiharibika, wewe ndiye utawaeleza watoto."

Basi nikaliweka mlangoni. Kwanza nikatafuta kitufe cha kuzima ule mwanga, kile chenye alama ya radi. Picha ikatoka na ukungu, kwa sababu pasipo mwanga ule kamera inafumbua jicho muda mrefu, na mkono unatetemeka. Nikaegemeza kamera juu ya kinu. Ukungu ukaondoka. Nikaligeuza nanasi, jua la mlangoni likaja kutoka ubavuni, na hapo, mwanangu, kila jicho la nanasi likasimama na kivuli chake, ungeweza kuyahesabu. Lakini upande wa pili ulikuwa mweusi kama chungu. Nikachukua kifuniko cha sufuria kinachong'aa, nikakiegemeza upande wa giza ili kirudishe mwanga. Nikakisogeza karibu mno, vinundu vikapotea tena. Nikakirudisha nyuma kidogo kidogo, napiga, natazama, napiga, natazama, kichwa nimekifunika kitambaa cha mke wangu kwa sababu jua linakidanganya kile kioo kidogo cha kamera. Ni hapo yule kijana wa toleka aliponikuta. Sasa unamwelewa.

Alasiri Koko akaja, akaketi palepale alipokaa nanasi. Mama Fifi mwenyewe ndiye aliyeshika kifuniko.

"Nicheke?" Koko akauliza.

"Kaa unavyokaa, Koko."

"Basi sicheki. Lifoko hakunijua nikicheka. Nilikuwa namupiga."

Picha ilipotoka kwenye mashine ya kuchapa hakuitazama kwanza. Alipitisha kidole juu yake, kama kipofu, akitafuta. Karatasi ni laini, haina kinundu. Ila kidole chake kilisimama mahali penyewe. "Iko," akasema. Alfajiri ikapanda treni ndani ya bahasha ya yule jirani.

Tukasubiri. Koko hakurudi Isangi. Alikaa kwa binti yake, akisikiliza honi. Mimi nilikula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki pale kwa Mama Fifi mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu, nikijifanya napita tu. Hatimaye treni ikarudi, na jirani akaja na vumbi lake. Alisema yule mzee aliitazama picha muda mrefu, akaenda nayo nje kwenye mwanga, akarudi na ujumbe mmoja mfupi: "Mwambieni Botila sikumsukuma shangazi. Ilikuwa mbuzi."

Koko alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yakatikisika, na hatukujua ni kilio au ni kicheko mpaka aliposema, "Ni yeye. Ni yule muongo yule yule."

Mwanangu, wewe leo una simu inayolainisha uso hata kabla hujaiomba. Sikukatazi kucheza nayo. Bonyeza kila kitufe, kosea, futa, rudia. Hakuna mwalimu anayepita kidole chako mwenyewe. Ila ujinga wako ujaribie nanasi, usiujaribie mtu. Ukiona alama kwenye uso wa mwenzako, usiifute kwa sababu jirani kakuambia ni uchafu. Muulize mwenye uso. Na ukitaka kumwona mtu sawasawa, usimmulike machoni. Mgeuze polepole kwenye mlango, mwanga umjie ubavuni, nawe umngoje. Mvumilivu hula mbivu. Sisi nanasi tulilila jioni ile ile, na lilikuwa tamu.

Nenda, Mungu akupe mkono usiotetemeka na jicho lisilo na haraka. Na siku utakayopotea mbali na kwenu, akuwekee ng'ambo ya mto mtu anayeijua kasoro yako, na aliye tayari kubishana nawe ni nani aliyeisababisha.