Besi ya Gustave na Majina ya Wafadhili

Waimbaji wa Sauti Nne walipoanza kuimba katika vyumba vya kupanga vya mtaa wa Point, ugenini mbali na kwao Kongo, mwaka 1997, hawakuwa na gitaa wala ngoma. Walikuwa na Gustave. Mchana alilinda magari ya watu kando ya barabara na kuitwa "wewe wa magari". Jioni aliimba besi, "dum-dum-dum" nzito ya du-wap, mtindo wa kuimba kwa midomo bila ala, waliojifunza kwenye kanda chakavu ya Kimarekani, na hapo watu walimwita kwa jina lake. Ndiyo maana aliomba jambo moja tu: kikundi kisivunjike.

Sifa zao zilipanda mtaa wa Berea, zikafika hadi mji wa Pinetown. Kama ilivyo desturi ya wanamuziki wa kwao Kongo, aliyewanunulia suti au kuwalipia ukumbi alitajwa ndani ya wimbo. Mwanzoni lilitajwa jina moja, tena mwishoni. Baada ya mwaka, katika nyimbo zao mapenzi yalikuwa yamebakiziwa ubeti mmoja. Kwingine kote zilisifiwa saluni na maduka ya simu.

Kwenye harusi moja ya Pinetown, wafadhili wote wanne walikaa meza ya mbele.

"Petit, leo jina yangu inatangulia," alisema Papa Léonard, mwenye duka la simu, akimwita Peguy, kiongozi wa kikundi, kama mdogo wake.

"Itangulie wapi?" alidakia Mama Ernestina, mwenye saluni. "Suti iko yangu. Avue kwanza!"

Peguy alimgeukia Gustave, aliyemwita kaka mkubwa. "Eish, yaya, tunafanya je?"

Gustave, aliyeogopa kumpoteza hata mmoja, akapata dawa: kila mwimbaji achukue jina la mfadhili mmoja, wayaimbe yote kwa mpigo, asitangulie mtu.

Haki ilitendeka kikamilifu. Majina manne yaligongana hewani, na hakuna mfadhili aliyelisikia lake.

"Na sisi je?" aliuliza bibi harusi, ambaye hakutajwa kabisa.

Wiki hiyohiyo wafadhili waligawana kikundi. Papa Léonard alimchukua Peguy, wafadhili wengine wawili wakachukua mwimbaji mmoja mmoja, kila mmoja aimbe peke yake. Besi peke yake haikutakiwa na mtu, hadi Mama Ernestina alipomwita Gustave. Alikwenda akiwa amevaa suti, akidhani anaundiwa kikundi kipya. Mama akamwonyesha mlango wa saluni: asimame pale, aite wateja.

"Er-nes-ti-na," Gustave aliimba taratibu, kisha akanyamaza kidogo, pale ambapo wale watatu wangeitikia.

"Mbona unanyamaza?" Mama alipaza sauti kutoka ndani. "Watu wanapita!"